Sura ya Saba: Msumari Usio na Mkate

Koti lilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililomkera Kapteni Zulhumor tangu Jumamosi, na Jumatatu hii asubuhi, alipolitoa tena kwenye mfuko wa ushahidi na kulitandaza juu ya boneti ya gari, lilimkera zaidi.

Lilikuwa koti la safari la timu ya Oltintepa, la buluu, lenye jina la Hamdam Yuldoshev mgongoni. Lilikutwa juu ya ukingo wa daraja la mfereji mkuu, nje kidogo ya mji wa Margilon, simu ya mwenyewe ikiwa mfukoni. Chini ya daraja maji ya mwezi wa Mei yalikwenda kasi, rangi yake kama chai ya maziwa, na wazamiaji walikuwa wameyapekua tangu juzi bila kupata kitu zaidi ya baiskeli moja na kondoo aliyevimba.

"Linuse," alimwambia Sajini Yigitali.

Yigitali, mtu mnene mwenye tiketi ya mechi ya marudiano mfukoni tangu usiku wa robo fainali, aliinama akanusa. "Sabuni, opa," alisema; kituoni wote walimwita hivyo, dada mkubwa.

"Sabuni gani?"

"Ya mche. Ya kufulia."

"Mtu katoka Korea. Kacheza mechi, kalala kwenye ndege, kakaa uwanja wa ndege Tashkent, kapanda magari kuvuka milima. Halafu aje kujitupa majini na koti lililofuliwa?"

"Labda alitaka kufa nadhifu."

"Na aliyelikunja je?" Zulhumor alimwonyesha picha iliyopigwa na polisi wa zamu. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani, kola imefichwa, limelainishwa kwa kiganja. "Wewe unakunja hivi?"

"Mimi? Mimi narundika kwenye kiti mpaka mke wangu aanze kunitaja kwa majina ya wanyama."

Zulhumor hakucheka, lakini alilikunja koti vilevile kama lilivyokuwa kwenye picha, na mikono yake ilijua njia bila kufikiri. Alikunja mashati ya mwanamume kwa namna hiyo miaka mingi, zamani, alipokuwa na wa kumkunjia.

Msimu mzima mji ulikuwa umepagawa. Oltintepa, klabu ya wafuma hariri na wauza nyanya, ilikuwa imeingia kwa mara ya kwanza kwenye ubingwa wa klabu za Asia. Ikapita makundi, ikapita robo fainali, na kila ilipopita ilipitia mikononi mwa kipa mmoja. Watoto waliozaliwa wakati wa baridi waliitwa Hamdam. Kisha ukaja mkondo wa kwanza wa nusu fainali, ugenini Korea. Walikuwa bao moja kwa moja, dakika za nyongeza, na mpira ambao hata bibi kizee angeuzuia kwa sketi yake ukabingirika taratibu ukampita Hamdam upande wa kushoto. Hakuruka. Hakunyoosha hata mkono. Kabla wachezaji hawajamaliza kuoga, mwenyekiti wa klabu alikuwa keshasema kwenye televisheni kwamba mechi imeuzwa. Ijumaa timu ikatua Tashkent, kipa akaonekana akichukua begi lake, na basi. Jumamosi likapatikana koti.

Kanali Sattor, mkuu wake, alikuwa ameshaandika hadithi yote kichwani. "Nakupa mpaka jioni," alimwambia asubuhi ile. "Kijana kauza mechi, dhamiri ikamsuta, kajitupa. Tunafunga jalada, na Jumatano watu wacheze marudiano yao kwa amani."

Zulhumor alijua maana yake. Jalada likifungwa hivyo, jina la Hamdam lingebaki la mwizi hata kama mwili haujaonekana. Na kama yuko hai mahali fulani, hangekuwa na pa kurudi.

Tolib aka, yaani kaka Tolib, kocha wa makipa, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni mwa maji. Mzee huyo hakuwa amebanduka hapo tangu Jumamosi ila kwenda kulala, na mkewe alisema hata huko kulala hakulali. Birika la chai mbele yake lilikuwa limepoa kitambo.

"Tolib aka, nenda nyumbani kidogo ukapumzike."

"Akitolewa nataka anikute hapa, dada yangu." Hakuondoa macho majini. "Nilimchukua mdogo, viganja kama masinia, miguu ya mbuzi. Sasa nani atampokea? Mwenyekiti?"

"Nionyeshe lile bao."

"Mji mzima umeliangalia mpaka limechakaa."

"Mji mzima ulikuwa unatukana. Mimi nataka kuangalia."

Mzee alitoa simu, akaifuta kwa kifua cha shati. Zulhumor alichuchumaa kando yake. Kwenye kioo kidogo wachezaji walikimbia kama sisimizi, mpira ukapigwa, ukabingirika, ukaingia.

"Rudisha. Hapo, simamisha. Anaangalia wapi?"

"Mbele."

"Na mpira?"

"Kushoto. Umeshatoka mguuni mwa mtu."

"Mbona hageuzi kichwa?"

"Si ndicho wanachosema? Kwamba hakutaka."

"Huyu anayepiga kelele huku mbali ni nani?"

"Elyor, beki. Anamwambia kushoto, kushoto. Ni mazoea. Tangu mechi ya Doha, Hamdam alimtaka Elyor asimame upande ule kila mpira unapokuja. Siku hiyo Elyor alikuwa kapanda kushambulia."

"Tangu Doha," Zulhumor alirudia. "Doha kulikuwa na nini?"

"Aligongwa. Kiwiko, kwenye kona, mambo ya mchezo tu, hakuna aliyekusudia. Jicho likavimba kama yai. Likapona."

"Nani alisema limepona?"

Tolib aka aliishusha simu. "Yeye mwenyewe," alisema.

"Nionyeshe mabao mengine aliyofungwa baada ya hapo."

Hayakuwa mengi. Mzee aliyapitisha moja moja, na kwenye la tatu akaizima simu bila kumaliza. Yote yaliingia upande mmoja.

"Mimi ndiye nimempigia mipira kila asubuhi," alisema. "Mimi."

"Ulisimama wapi ukimpigia?"

"Mbele yake. Kila siku mbele yake." Alijipiga paja mara moja, si kwa nguvu. "Hakuniambia. Alijua ningemtoa. Msimu mmoja tu, Mungu wangu, msimu mmoja katika maisha ya watu."

Mzamiaji mmoja aliibuka, akatikisa kichwa, akazama tena.

"Mlipoondoka kwenda Korea, mama yake alikuja kumuaga?"

"Mama wote walikuja, pale kwenye lango la klabu, kila mmoja na mkate wake. Hojar hola alifika kabla hata basi halijaoshwa, mwanawe akawa wa kwanza kung'ata. Mimi mke wangu alichelewa, akalikimbiza basi, nikaung'ata dirishani wenzangu wakicheka." Alikaribia kutabasamu. "Ijumaa niliurudia nikaumaliza na chai. Mkavu kama kigae. Wa yule kijana ndio utabaki ukutani."

Zulhumor aliijua desturi: msafiri hung'ata mkate, na uliobaki hutundikwa ukutani mpaka arudi aumalize. Alisimama, magoti yakalia, akaenda garini.

*

Mtaa wa kina Yuldoshev ulikuwa na miforsadi pande zote mbili, yote imekatwa matawi hadi kwenye shina, maana ni mwezi wa viwavi wa hariri na kila nyumba inahitaji majani. Kwenye lango lao la buluu mtu alikuwa ameandika kwa lami neno MUUZAJI. Mwingine alikuwa amejaribu kulisugua akafika nusu.

"Opa, nikimkuta hai namzaba kofi," Yigitali alisema akilitazama lango. "Halafu namkumbatia. Halafu namzaba jingine."

"Utakaa garini."

"Ndiyo maana nimesema mapema."

Hojar hola alifungua mwenyewe. Alikuwa mjane mfupi, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo, vidole vimekuwa kijani kwa utomvu wa majani. Macho yake hayakuwa mekundu. Zulhumor aliliona hilo kabla ya salamu, akaliweka akiba.

"Karibu, binti yangu. Kuna habari huko mferejini?"

"Bado, hola," Zulhumor alisema, kama waitwavyo kina mama wa rika lile. "Poleni."

"Tumeshapoa." Alimkalisha kwenye ukumbi wa nje, juu ya godoro jembamba, akaleta chai. Akamimina. Bakuli likajaa mpaka ukingoni.

Zulhumor aliliangalia bakuli. Mwanamke wa umri huu, wa mji huu, humimina kidogo, mgeni arudie na arudie, ndiyo heshima yenyewe. Anayejaziwa hivi ameambiwa kwa adabu anywe aondoke. Na mama aliyefiwa hujaza nyumba watu, hamfukuzi mmoja aliyekuja.

"Viwavi wanakula vizuri mwaka huu?" aliuliza, akiliinua bakuli kwa uangalifu lisimwagike.

"Wako kwenye kula kukubwa. Sipati usingizi, nakata majani mchana na usiku."

"Peke yako?"

"Nina nani mwingine?"

Toka chumba cha mwisho cha ukumbi, chenye mlango uliozibwa kwa blanketi, ilisikika sauti yao, maelfu ya viwavi wakitafuna, kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani makavu. Sauti hiyo Zulhumor aliizoea tangu utoto, lakini leo aliisikiliza zaidi. Majani yaliyokuwa kwenye beseni karibu na mlango yalikuwa yamekatwa na watu wawili tofauti. Mengine yalikatwa membamba na yanayolingana, kazi ya mtu wa miaka mingi. Mengine yalikuwa makubwamakubwa, kazi ya mtu mwenye viganja vikubwa na uvumilivu mdogo. Hata hilo lingeweza kuwa la jirani aliyekuja kusaidia. Hakimu angelicheka.

"Naomba maji ya kunawa, hola. Usisumbuke, najua jiko lilipo." Aliinuka kabla mama hajapata la kusema.

Jiko lilikuwa dogo, ukuta umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Sahani zilikuwa zimeoshwa, vijiko vimepangwa, bakuli moja tu la chai juu ya meza. Mama alikuwa amefikiria kila kitu. Viatu vya mwanamume havikuwepo, wala wembe wa kunyolea, wala shati kwenye kamba. Lakini ukutani, juu ya pipa la unga, kulikuwa na msumari. Kwenye msumari palizungushwa kamba ya pamba, imeviringwa vizuri. Na chini yake, katikati ya ule weusi wa moshi, palikuwa na duara safi, jeupe, ukubwa wa mkate wa tanuri.

Zulhumor alisimama mbele ya lile duara kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Nyumbani kwake kulikuwa na mkate mmoja ukutani. Mumewe, Mirvali, aliung'ata kisha akaenda Urusi kujenga majumba ya watu, akapiga simu mwaka wa kwanza, akapiga kidogo wa pili, kisha namba ikawa ya mtu mwingine asiyejua lolote. Wengine walisema kaoa huko. Wengine walisema jengo lilianguka. Kila Ijumaa yeye huushusha ule mkate, huufuta vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu aliyoiacha mwenyewe, na kuurudisha. Wifi yake aliwahi kumwambia autupie ndege, apumzike. Zulhumor hakumsemesha mpaka mwaka ukaisha. Mwanamke wa mji huu haushushi mkate wa mtu aliye njiani. Wala hauachi ukutani mkate wa mtu aliyekwisha kurudi, maana huko ni kumwita safari nyingine. Mama huyu angeweza kumdanganya polisi, angeweza kumdanganya kanali na televisheni yote. Mkate hakuweza kuudanganya.

Aliporudi ukumbini, Hojar hola alikuwa amesimama.

"Hola, mkate wa Hamdam uko wapi?"

"Panya," alisema mama haraka.

"Panya wamekula mkate wakaviringa na kamba?"

Mama alikaa chini. Alikaa polepole, mkono mmoja ukitafuta godoro, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Ulifua koti lake," Zulhumor alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unakwenda kulitupa, lakini hukuweza kuliacha chafu watu walione. Ukalifua kwanza."

"Lilikuwa na matapishi kwenye mkono." Mama naye alinong'ona, akijifuta uso kwa kitambaa. "Walirusha mawe hapa, binti yangu. Watu waliokula pilau yangu siku ya robo fainali. Nikasema, wakidhani kafa watamlilia. Afadhali wamlilie kuliko wamtukane. Yeye akiwa kalala ndani, nikatembea mpaka darajani. Hajui. Usimwambie."

"Yuko humo ndani?"

"Humo haingii mgeni," mama alisema, na hapo hofu yake ikawa ya kweli zaidi. "Viwavi watasusa. Mwaka wote wa watu utaharibika. Utaniingiza polisi kwenye chumba cha viwavi?"

"Siingii, hola. Nitakaa mlangoni."

Alivua viatu, akakaa chini kando ya lile blanketi, mgongo ukutani, miguu ameikunja. Harufu ya majani mabichi ilitoka kwa chini, nzito na tamu. Hakugonga.

"Hamdam. Mimi ni Zulhumor, wa polisi. Sikuja na pingu."

Viwavi walitafuna.

"Nimeliangalia bao lako. Sijaona mtu aliyeuza kitu. Nimeona mtu aliyekuwa anasubiri kuonyeshwa mpira."

Kitu kilisogea ndani, kitako juu ya ubao.

"Jicho la kushoto, siyo? Tangu Doha. Lilianza kama nini?"

Kisha sauti ikaja, ya chini na iliyokauka, sauti ya mtu aliyekaa siku tatu bila kusema na yeyote ila mama yake. "Kama pazia. Kwa pembeni. Kila wiki likasogea kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani, opa? Kila nikitoka mtu ananishika mkono analia. Mzee mmoja sokoni alinipa tikiti maji, akakataa nisimshukuru. Akaniambia, wewe nifikishe fainali tu, nife. Sasa nimwambie sioni? Kipa ana mita zake pale langoni, hakuna anayekuja kusimama naye. Nikasema nitavumilia mechi tatu zilizobaki. Elyor atakuwa jicho langu. Elyor kapanda mbele."

"Kanali wangu anataka kufunga jalada jioni hii. Ataandika kwamba uliuza mechi."

"Aandike. Hata nikitoka sitadaka tena. Si nimekwisha? Hapa viwavi hawaniulizi kitu."

Hapo ndipo Zulhumor alipomtazama Hojar hola, ambaye alikuwa amejishika mdomo kwa vidole vya kijani akitikisa kichwa, akimsihi. Alimwonea huruma. Lakini alisema.

"Koti lako lilikutwa darajani, Hamdam. Mji mzima unadhani umezama. Wazamiaji wako mferejini tangu Jumamosi wanakutafuta. Tolib aka amekaa kwenye kigoda ukingoni. Hali wala halali. Anasema ukitolewa anataka umkute."

Ubao ulilia ndani.

"Tolib aka?"

"Yeye."

"Amekaa pale jua lote hili?"

"Na chai imepoa."

Blanketi lilivutwa. Hamdam alitoka akiinama, maana mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu, vipande vya majani vimemnata kwenye fulana, ndevu za siku kadhaa. Alisimama kwenye mwanga akikunja uso. Zulhumor alikuwa kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa. Aliinua lile bakuli la chai lililojaa, akampa bila kusema neno.

Kijana hakulipokea. Hakuwa amekataa, alikuwa anatazama uani, anamtafuta mama yake. Bakuli lilibaki hewani. Mpaka Zulhumor alipoliweka chini likalia, ndipo alipogeuza kichwa chote, kwa kushtuka.

"Samahani, opa. Sikuona."

Hojar hola alikuwa ameona. Zulhumor alimwangalia alivyoona, akajua kwamba hata yeye hakuwa ameambiwa. Mama alimjia mwanawe, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anayekagua tikiti sokoni, kisha akakilaza begani kwake.

*

Zulhumor alimpigia kanali akiwa uani.

"Ondoa wazamiaji, afande. Yuko hai, na mechi hakuuza. Haoni kwa jicho la kushoto."

"Unajua mwenyekiti ameshasema nini kwenye televisheni?"

"Atasema kingine. Nampeleka Tashkent na treni ya mchana, hospitali ya macho. Daktari akithibitisha, utakuwa na karatasi yake kabla ya marudiano. Watu waisikie kabla mpira haujaanza."

"Na asipothibitisha?"

"Basi utanifunga mimi."

"Nitakufunga kweli, Zulhumor. Na hilo koti nani alilipeleka darajani?"

Zulhumor alimtazama mama akipuliza moto jikoni. "Bado nachunguza," alisema, akakata simu.

Aliporudi, Yigitali alikuwa ameingia bila ruhusa, amesimama mbele ya Hamdam, mikono haijui pa kwenda. Kofi halikuonekana. "Tolib aka nimempigia," alisema. "Anakuja. Kasema usiondoke kabla hajakutukana." Kisha akageukia ukuta akajifanya anatazama mzabibu.

"Opa," Hamdam alimuuliza Zulhumor kwa sauti ndogo, "nitadaka tena?"

"Sijui." Aliona afadhali kumwambia ukweli. "Sidhani."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelijua hilo peke yake kwa muda mrefu, na kulisikia kwa mtu mwingine ni kama kulimpunguzia uzito.

Hojar hola alitoka jikoni akiwa na mkate wa moto, umefungwa kwenye kitambaa. Hamdam aliinama, akang'ata pembeni, kipande kikubwa, akatafuna macho yamefumbwa. Mama alisema maneno yake ya kumwombea njia salama, akaufunika uliobaki. Zulhumor alikuwa keshavaa viatu, anaangalia saa, anafikiria treni, wakati mkate wa pili ulipoletwa mbele ya uso wake.

"Na wewe."

"Mimi naenda kikazi tu, hola."

"Tashkent ni ng'ambo ya milima. Kazi au si kazi, ni njia." Mama hakuushusha mkono. "Ukisafiri, nani anakutundikia wako?"

Katika kazi yake Zulhumor alikuwa amewauliza watu maswali mengi kwa namna hiyo, polepole, mtu asipate pa kukwepa. Hakuwahi kufikiria anayeulizwa anajisikiaje. Alikwenda Samarqand, alikwenda Nukus jangwani, wiki nzimanzima, na kila mara alifunga mlango mwenyewe, ndani umebaki mkate mmoja, na si wake.

"Hakuna, hola," alisema.

"Ng'ata."

Aling'ata. Mkate ulikuwa na moto, ulimuunguza ulimi, na machozi yakamtoka, na hakujisumbua kusingizia moto. Alitafuna akitazama chini. Hamdam, ambaye alikuwa amesimama upande ambao jicho lake lilimwona vizuri, aligeuka akamwachia nafasi.

"Huu nauweka," Hojar hola alisema, akiutazama ule mng'ato mdogo kama anaukariri. "Ukimrudisha mwanangu, uje uumalize hapahapa. Usiponirudishia, utakauka ukutani kwangu nikiuangalia, na nitakusema kwa Mungu kila siku."

"Nitamrudisha."

"Najua. Ndiyo maana nimeuoka mzito." Kisha akamgeukia sajini. "Wewe mnene, nyundo iko nyuma ya pipa. Msumari ni mmoja tu, hautoshi mikate miwili."

Zulhumor na Hamdam walitoka nje ya lango. Kule mwisho wa mtaa Tolib aka alikuwa anakuja mbio za mzee, kigoda bado mkononi, ameanza kutukana kabla hajafika. Nyuma yao, ndani ya jiko, Yigitali alikuwa anagongelea msumari wa pili.